SIKIO LA MALKO

Masomo: Luka 22:47-51; Yohana 18:10; Walawi 21:16-23



Wengine mmeuliza mbona Jumapili mbili sikuonekana kanisani. Nilikuwa Sop Sop, huko West Budama katika wilaya ya Tororo, ambako ndugu walinialika kwa juma la maombi. Ninyi mliovuka mpaka pamoja nami Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya kugeuka moto, mnaifahamu nchi ile. Mulanda, mahali tulipopokelewa kwa mahema kabla ya kuletwa hapa Kiryandongo, ni West Budama hiyo hiyo. Tulipopita Mulanda, kijana wa boda boda aliniuliza kama nataka tusimame kidogo nione mahali nilipokaa. Nikamwambia aendelee tu. Sababu yake nitaieleza, kwa maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Siku ya tatu ya mkutano, baada ya mahubiri, nyanya mmoja alinijia akiwa amembeba mjukuu wake. Uso wa mtoto ulikuwa umefunikwa kwa leso, wala jua halikuwa kali. Nyanya akaniambia, "Pasta, usiogope." Kisha akafunua. Mdomo wa juu wa mtoto ulikuwa umepasuka mpaka ndani ya pua, na alipolia niliona kwamba hata kaakaa limeachana. Watu huita hali hii mdomo wa sungura. Mimi naomba jina hilo tuliache, kwa maana mtoto si mnyama wa porini, na jina la utotoni halimwachi mtu. Tuseme mdomo uliopasuka, imetosha.

Nyanya alitaka maombi. Nikamwuliza kama mtoto amefikishwa hospitali, akatazama chini. Akasema baba wa mtoto amekataa, kwa sababu mzee mmoja wa kanisa amemwambia kwamba Mungu hakosei, na kwamba kutia kisu katika uso wa mtoto ni kumsahihisha Muumba. Mzee mwenyewe alikuwa pale pale mlangoni. Akafungua Biblia yake, Walawi 21, akanionyesha mahali ambapo mwenye kasoro usoni anatajwa kati ya wale wasioruhusiwa kuikaribia madhabahu. Akasema, "Pasta, wewe umesoma. Tuambie kama si hivi."

Jibu nilikuwa nalo, lakini ulimi ulikuwa mzito. Maneno ya mzee yule niliyatambua. Yalikuwa yangu.

Pale Mulanda mwaka 2008 nilikuwa na miaka 27, mwinjilisti wa vijana, bado sijaona mlango wa Chuo cha Biblia. Hema la tatu kutoka letu alikaa dada mmoja aliyejifungua njiani. Mtoto wake alikuwa na hali hii hii, mdomo na kaakaa. Maziwa aliyonyonya yalirudi kupitia puani. Dada alikuwa amesikia kwamba wako madaktari wanaoweza kurekebisha, akaja kuniuliza mimi, mtumishi wa Mungu, afanye nini. Nikamwambia tufunge na kuomba siku 21, na kwamba kukimbilia kisu ni kuonyesha kwamba hatumwamini Bwana. Nilisema kwa sauti kubwa, watu wakaitikia amina. Mtoto alikufa kabla siku hazijatimia. Kupasuka kwa mdomo hakukumwua. Alikufa kwa njaa, kwa sababu hakuna aliyetufundisha kumlisha kwa kijiko, wala mimi sikutaka tufundishwe. Baada ya mazishi dada yule alinishika mkono akasema, "Asante Pasta kwa maombi." Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Sasa tufungue Injili.

Usiku ule katika bustani, wainjilisti wote wanne wanaeleza kwamba mtumwa wa kuhani mkuu alikatwa sikio. Yohana peke yake anatuambia jina la mtumwa, Malko, na jina la aliyeshika upanga, Simoni Petro. Na Luka peke yake anatuambia kwamba Yesu aligusa sikio lile akamponya. Luka alikuwa tabibu, kama Paulo anavyotujulisha katika Wakolosai 4:14. Wengine walikuwa wanatazama mienge na marungu. Jicho la tabibu lilibaki kwenye jeraha.

Mara nyingi tumehubiri habari hii kwa ajili ya Petro na hasira yake. Leo naomba tumwangalie Malko. Mtu hafi kwa kukosa sikio la nje. Hata kusikia bado anasikia. Bwana alikuwa anakamatwa, saa chache zilikuwa zimesalia kabla ya msalaba, wanafunzi wanakimbia, na adui wamemzunguka. Kwa nini asimame kwa ajili ya kipande cha nyama kilicho upande wa kichwa cha mtu aliyekuja kumfunga?

Chuoni nilisoma jambo moja kwa mwanahistoria wa Kiyahudi, Yosefo. Anasimulia kwamba mwaka 40 kabla ya Kristo, Antigono alipompata Hirkano, aliyekuwa kuhani mkuu, aliyaharibu masikio yake ili asiweze kuwa kuhani mkuu tena, kwa sababu torati ilitaka kuhani asiye na kilema. Hakumwua. Aliharibu upande wa kichwa chake, na kwa hilo akamwondolea mahali pake mbele za watu. Malko alikuwa mtumwa katika nyumba ya kuhani mkuu, na nadhani katika nyumba ile kila mtu alijua sikio lililokatwa maana yake nini.

Majirani zetu Waacholi hawahitaji Yosefo awafundishe hili. Wakati wa vita vya LRA huko kaskazini, waasi walikata watu midomo, masikio na pua, wakawaacha hai makusudi. Aliyeharibiwa uso hubeba habari ya adui wake kila anapokwenda, sokoni, kisimani, kanisani. Wako kati yetu pia wenye makovu ya panga kutoka Kongo, na wengine kutoka Bonde la Ufa, ambao huchagua benchi la nyuma upande wa ukuta. Tunawajua. Mara ngapi tumewauliza kama wanapenda kukaa pale?

Kwa hiyo Bwana alipogusa sikio la Malko, alimrudishia mtu uso wake. Na aliyemkata, ndugu zangu, hakuwa Mrumi wala mwizi wa njiani. Alikuwa mtu wa kundi letu, tena mwenye bidii.

Mtu atasema: sawa Pasta, lakini Bwana alitumia mkono, hakutumia kisu. Nami naitikia, ni kweli. Lakini someni Isaya 38:21. Hezekia alikuwa amekwisha kuahidiwa uponyaji na Mungu mwenyewe, na bado nabii akaagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu lake. Nabii hakuona haya kutumia dawa baada ya ahadi. Mimi pale Mulanda niliona haya kabla ya ahadi yo yote.

Na ufundi huu wa kutengeneza nyuso si kitu cha Wazungu kilichokuja juzi. Wahindi walijua kutengeneza pua karne nyingi zilizopita. Mwaka 1794 gazeti moja la London lilichapisha habari na picha ya mtu aitwaye Cowasjee, mwendesha magari ya ng'ombe wa jeshi la Waingereza kule India. Askari wa Tipu Sultan walimshika, wakamkata pua na mkono mmoja. Fundi wa nchini kwao, mtu wa ukoo wa wafyatua matofali, alichora umbo la pua juu ya ngozi ya paji la uso, akaikata pande zote ila akaacha sehemu ndogo imeshikamana ili damu izidi kupita, kisha akaigeuza na kuishusha chini, ikashika, ikawa pua. Madaktari wa Ulaya walisoma habari ile wakajifunza. Mwendesha ng'ombe na mfyatua matofali! Vijana wetu mnaoshinda kwenye tanuru za matofali, msidharau mikono yenu.

Vita vya Ulaya viliongeza kazi hii. Katika vita vya pili vya dunia, daktari mmoja mzaliwa wa New Zealand, Archibald McIndoe, alipokea katika hospitali ya mji wa East Grinstead, Uingereza, marubani walioungua ndani ya ndege. Vijana wa miaka 20 na kitu, hawana kope, hawana pua, vidole vimeshikamana. Mmoja aliweza kupasuliwa mara nyingi kwa miaka, ngozi ikitolewa pajani na kupandikizwa usoni. McIndoe alitambua kwamba kisu chake hakitoshi. Aliwaruhusu kuvaa sare zao za jeshi badala ya nguo za wagonjwa. Aliruhusu hata pipa la bia wodini, jambo ambalo mimi Pasta wenu simsifu. Lakini hili nalisifu: aliwaendea watu wa mji, akawaomba wawaalike vijana wale majumbani mwao, wale nao mezani, na wasiwakodolee macho wala wasigeuze nyuso zao pembeni. Mji ukakubali. Hata leo East Grinstead hukumbukwa kama mji ambao haukukodoa macho. Wagonjwa wenyewe walianzisha chama chao mwaka 1941, na vita vilipokwisha kilikuwa na wanachama 649.

Habari hii inatugusa sisi wa Afrika Mashariki kuliko tunavyofikiri. Mwaka 1957 McIndoe huyo huyo, pamoja na wapasuaji wawili waliopata kujifunza kwake, Michael Wood na Thomas Rees, walianzisha kazi ya madaktari wa ndege, ambayo leo tunaijua kwa jina la AMREF. Shauri walilifanya chini ya Kilimanjaro. Wote watatu walikuwa wapasuaji wa kurekebisha nyuso na ngozi, na walikuwa wameona watu wa nchi hizi wenye nyuso zilizoungua, zilizoraruliwa na wanyama, na watoto wenye midomo iliyopasuka, wanaokaa mbali na hospitali yo yote. Ndege ya AMREF tuliyozoea kuiona kwenye picha za matetemeko na vita ilianzia hapo, kwenye uso wa mtu.

Rees, kwa upande mwingine, alikuwa maarufu sana New York kwa kuwafanya matajiri waonekane vijana. Hapa dada mmoja wa kwaya ataniuliza tena swali lake: je, kubadili pua au kuondoa mikunjo ni dhambi? Sina amri ya Bwana katika neno hili, natoa shauri tu. Mkono uliokunja ngozi ya tajiri ndio uliofunga jeraha la maskini, wala sitaki kuutukana. Lakini kuna tofauti kati ya mtu ambaye watu wamemfanya ajifiche, na mtu ambaye hakuna aliyemfukuza ila tangazo la biashara. Na hizo krimu za kujichubua zinazouzwa gulioni bila jina la daktari, nyingine zina zebaki, ambayo huharibu ngozi na figo pamoja. Fedha hiyo nunua mayai. Sitasema zaidi, maana gazeti ni dogo.

Turudi Sop Sop. Yule mzee na Walawi 21 yake nilimkalisha chini ya mwembe, tukasoma pamoja, baba wa mtoto naye akaja akasimama kando. Nilimwambia mzee kwamba sura ile haisemi juu ya watoto, inasema juu ya wana wa Haruni na kazi ya madhabahu. Kisha nikamwomba asome mstari wa 22. Akausoma polepole, mara mbili. Mstari ule unasema kwamba kuhani mwenye kilema ataula mkate wa Mungu wake, ule mtakatifu na ule mtakatifu sana. Hatolewi mezani. Miaka mingi tumesoma mstari wa 18 tukafunga Biblia kabla ya kufika wa 22. Halafu nikamsomea habari za yule Mtumishi katika Isaya 52 na 53, ambaye uso wake uliharibiwa hata watu wakaficha nyuso zao wasimtazame. Nikamwuliza, "Mzee wangu, huyu ni nani?" Akajibu, "Ni Bwana Yesu." Nikanyamaza, naye akanyamaza.

Baba ndiye aliyevunja kimya. Hakuuliza jambo la dini hata moja. Aliuliza, "Itamwuma?" Nikatambua kwamba Muumba alikuwa kisingizio tu. Alikuwa mzazi anayeogopa kisu, kama ye yote kati yetu. Basi nikamweleza ninayoyajua. Mtoto hulazwa usingizi kwa dawa. Kwa mdomo, daktari hakati na kutupa, bali huunganisha pande mbili zilizoshindwa kukutana tumboni mwa mama, msuli kwa msuli na ngozi kwa ngozi. Kwa kawaida mdomo huweza kushonwa kuanzia miezi mitatu hivi, kama mtoto ana uzito wa kutosha na damu ya kutosha. Kaakaa hufuata baadaye, mara nyingi kati ya miezi 9 na 18, ili mtoto ajifunze kusema vizuri. Kovu dogo hubaki. Hali yenyewe humpata takriban mtoto mmoja kati ya 700 duniani, matajiri kwa maskini, wala hailetwi na laana, wala na mama kucheka mnyama, wala na kupatwa kwa mwezi. Nilisema neno hili la mama kwa nguvu, maana mama wa mtoto alikuwa nyuma ya nyumba anasikiliza.

Nikamwambia pia kuhusu CoRSU, hospitali iliyo Kisubi, katika barabara ya Kampala kwenda Entebbe, inayohudumia watoto wenye ulemavu tangu 2009, mifupa na nyuso, na ambayo imekuwa ikishirikiana na shirika la Smile Train ili midomo na makaakaa vishonwe bila malipo. Kwa wenye watoto wa vichwa vinavyojaa maji, pale Mbale, karibu na Tororo, kuna hospitali ya CURE tangu 2001.

Mpaka ninapoandika haya mtoto hajapasuliwa. Alipopimwa katika kituo cha afya alikuwa mwepesi mno. Mhudumu alimfundisha mama kukamua maziwa yake na kumlisha mtoto kwa kikombe kidogo na kijiko, kidogo kidogo, akiwa ameketishwa wima, halafu kumcheulisha. Nyanya amechukua zamu ya usiku. Baba amesema uzito ukitosha atapanda basi mwenyewe. Mzee wa kanisa hajaniambia kwamba amebadili mawazo, na sikumlazimisha, ila asubuhi niliyoondoka alileta kuku. Nilidhani ni wangu. Alimpa mama wa mtoto.

Wakati wa kurudi nilimwambia kijana wa boda boda asimame Mulanda. Nilitembea peke yangu muda mfupi. Mahali hema lilipokuwa sikupatambua.

Basi, wapendwa, mwenye mtoto wa mdomo uliopasuka, au mtu wa umri wo wote aliyeungua kwa tadooba, chai au uji hata kovu likavuta kidevu, kope au shingo, au aliyekatwa usoni vitani, aje kanisani Jumanne baada ya maombi ya asubuhi. Msiseme nimekuwa mzee, muda umepita. Makovu mengi huweza kulegezwa hata baada ya miaka. Njooni na karatasi ya familia na kadi ya chanjo ya mtoto. Mama mkuu wa diakonia na wahudumu wa afya wa kijiji wataandika majina, tujue nani aanze kituo cha afya na nani aelekezwe mbele. Mtoto aje bila kufunikwa uso. Wazee wa kanisa wataketi naye mstari wa mbele, nimekwisha kuwaambia.

Na anayeungua leo nyumbani, mtieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Msipake dawa ya meno, wala yai, wala kinyesi cha ng'ombe.

Mfuko wa diakonia kwa sasa hauwezi nauli za watu wengi hadi Kampala. Aliye na kuku wa kutoa amwone mweka hazina.

Ndugu wa Sop Sop wanawasalimu sana.

Ndimi mtumishi wenu katika Bwana.